Kuanza Kuzamia Kwenye Meli Zilizozama: Anachokijua Mtoto wa Pwani na Anachopaswa Kukisahau



Wengi wenu mmekulia majini. Mlizamia pweza kabla hamjaanza shule, chuma mkononi, pumzi kifuani. Kwa hiyo nilipopewa mada hii niliona nisianze na vifaa. Nianze na elimu mliyokuja nayo, maana nusu yake ni mtaji na nusu yake inaweza kuwaua.

Mtaji ni maji yenyewe. Mgeni huuliza kama kesho kutakuwa na jua. Ninyi huuliza mwezi una siku ngapi. Wenye swali la maana ni ninyi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo hupita juu ya meli kama mto, mchanga hutimka, na mwanafunzi hupoteza nguvu zote akishikilia kamba ya boya. Maji mafu ndiyo siku zake. Kaskazi inapolegea, mwezi wa pili na wa tatu, maji huwa safi kweli. Kusi likishika, kaa nyumbani urekebishe vyombo.

Sasa hiyo nusu ya pili: kubana pumzi. Mzamia pweza hushuka na hewa ya juu na kurudi nayo ileile. Anayevuta hewa ya mtungi akiwa mita 10 chini anajaza mapafu hewa iliyogandamizwa mara mbili ya hii tunayovuta hapa. Akiibana na kupanda, hewa hiyo itadai nafasi mara mbili, na mapafu hayana pa kuiweka. Niliwahi kumfundisha kijana anayeogelea vizuri kuliko mimi. Siku ya pili, kwenye mita tano tu, nikaona mapovu yake yamekoma. Alikuwa akibana hewa isiishe haraka, kama alivyozoea tangu utoto. Nilimshika mkanda wa risasi kabla hajaanza kupanda. Wiki nzima iliyofuata tulikaa kwenye maji ya kifua tukijifunza kupumua, naye akiona haya mbele ya wadogo zake waliokuwa wakitucheka.

Baada ya pumzi, hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwa hiyo ungemtosha saa mbili. Mita 30 chini mgandamizo ni mara nne: lita 80 kwa dakika, nusu saa, mtungi mtupu. Na hakuna anayepanga kumaliza mtungi. Wanaoingia ndani ya meli hugawa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu haliguswi, ni la dharura, yako au ya mwenzako. Theluthi ya lita 2,400 ni 800. Gawa kwa 80. Una dakika 10 za kwenda, na kushuka kumo humohumo.

Pa kuanzia? Kwa wenzetu wa Unguja jibu ni rahisi: Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu iliyopanda mwamba mwaka 1902, ipo kwenye kina cha mita 12 hivi. Hata mwenye cheti cha kwanza, ambaye mwisho wake ni mita 18, anaitembelea kwa raha. Hapa Mombasa tuna MV Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ikasafishwa na kuzamishwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki. Ina urefu wa mita 80 hivi na imelala kwenye mita 30 au karibu yake. Hiyo ni ya cheti cha pili, tena usiikimbilie. Izunguke kutoka omo hadi tezi, mtazame chewa chini ya sitaha, panda taratibu, usizidi mita tisa kwa dakika, tulia kwenye mita tano kwa dakika tatu, kisha rudi botini.

Kila mwanafunzi hutaka kuingia ndani. Mimi huwakatalia mpaka wawe na mizamio 30 ya nje, na wapo walimu wanaoniona mkali. Lakini nimeona matope ya ndani ya meli. Pezi likiyagusa mara moja, maji hugeuka kama chai iliyotiwa maziwa, na mlango uliokuwa ukiwaka bluu nyuma yako haupo tena. Meli iliyolala ubavu ukuta wake ni sakafu, na mlango ni shimo juu ya kichwa. Hapo kinachokutoa ni uzi uliofungwa nje kabla hujaingia. Taa ziwe tatu, na kisu cha kukatia mishipi ya wavuvi, maana imejaa huko.

Na msichomoe kitu. Mnaotaka kuona vya chini ya bahari, nendeni Fort Jesus mkatazame vilivyotolewa na wataalamu kati ya 1977 na 1980 kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697.

Kesho ni maji mafu. Tukutane ufukweni saa moja asubuhi. Mwenye mafua asije: masikio yakiziba, hata mita tatu hazishukiki.