Moyo wa Kujitolea Nao Upimwe

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Kaole, Bagamoyo)



Mtu anapopotea msituni, au jengo linapowaporomokea watu, aghalabu wanaotangulia kufika ni raia wa kujitolea. Hufika na moyo, na wengi wao hawana zaidi ya huo moyo. Neno linalostahili kusemwa hapa Kaole ni gumu kidogo: mtu wa kujitolea, pamoja na mnyama atakayefuatana naye, hana budi kupimwa kabla ya kukubaliwa, tena apimwe katika ardhi ile ile atakayofanyia kazi.

Marekani na Uingereza vimo vikundi vya raia wanaowatafuta waliopotea kwa kupanda farasi. Aliye juu ya farasi huona mbali kuliko aendaye kwa miguu, na mara nyingi masikio ya farasi humjulisha kuwa kichakani mna kiumbe kabla yeye mwenyewe hajaona kitu. Lakini si kila farasi mpole wa matembezi afaaye kwa uokozi. Hupitishwa juu ya turubai linalopepea, karibu na moshi na ving'ora. Hutengwa na wenzake ili ionekane kama atatulia. Mpandaji naye hutahiniwa kusoma ramani na dira, kutoa huduma ya kwanza, na kusema na redio kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika hatamu. Wapo wanaoshindwa, nao hurudishwa nyumbani.

Je, farasi angefaa huku pwani? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa bila ya mtu kukusudia jaribio. Mwezi Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone, akiwa na farasi wawili. Waliuvuka mto Kingani, ambao ndio Ruvu, na baada ya siku chache wote wawili wakafia Kingaru. Stanley alimpasua mmoja, akakuta minyoo tumboni. Na hata mnyama aliyeepukana na minyoo alikuwa na adui mwingine, mbung'o, ambaye David Bruce alionyesha huko Zululand mwaka 1895 kuwa ndiye aenezaye vimelea vya nagana. Ndiyo sababu mizigo ya njia ya Bagamoyo ilichukuliwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, na Livingstone akafikiwa Ujiji mwaka ule ule kwa nguvu za miguu ya watu. Farasi wale huenda walikuwa hodari. Nchi ndiyo iliyowakataa.

Mnyama aliyekubaliwa na nchi anapatikana Morogoro, naye ni panya buku, yule yule afukuzwaye mashambani kwa marungu. Shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limewafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu 71 nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Tangu hapo wengine wamefundishwa kazi ya uokozi, kwa ushirikiano na GEA, kikundi cha watu wa kujitolea cha Uturuki. Panya huvishwa kifuko chenye kamera, huingizwa katika kifusi cha kuigiza, humtafuta mtu aliyejificha, huvuta swichi iliyo kifuani akimpata, na hurudi asikiapo mlio. Asiyerudi hajafaulu, hata kama pua yake haina mfano.

Haja ya elimu hiyo ilionekana Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka na kuua watu wasiopungua 29. Raia walikimbilia kifusi kwa nyundo na mikono mitupu. Ushujaa wao haukanushiki. Lakini penye kifusi, kimya ni chombo cha kazi: anayeita kutoka chini hasikiki watu wakipiga kelele juu, na jiwe linaloondolewa bila ya mpango laweza kumwangukia yule yule anayetafutwa. Mtu asiyeweza kunyamaza anapoamriwa hafai kupanda juu ya kifusi, ijapokuwa nia yake ni safi. Na kumwambia hivyo siku ya mafunzo ni rahisi kuliko siku ya msiba.

Na hapa Kaole, mahali ambapo wanafunzi huletwa kila mwaka kuyatazama magofu, mtoto akipotelea katika mikoko atatafutwa na nani? Farasi angezama topeni. Panya hufaa penye nafasi finyu, si penye maji. Hapo mtihani uwe wa kwao wavuvi na wakata mikoko: mtu aulizwe leo ni bamvua au maji mafu, maji yatajaa saa ngapi, njia ipi hufungwa kwanza, na kwa ishara gani atawaita wenzake giza likiingia. Mwalimu anayewaleta wanafunzi aulizwe maswali hayo hayo kabla basi halijaondoka shuleni.