Kutoka Msituni hadi Meza ya Mawaziri

Mwaka 2021 Kanada ilimteua Mary Simon kuwa Gavana Mkuu, Mwinuiti wa kwanza kushika cheo hicho. Kabla ya hapo alikuwa balozi wa Kanada wa masuala ya Aktiki, kisha pia balozi nchini Denmaki.

Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nayo ina mwanamke wa jamii ya asili aliyefika serikalini. Adolphine Muley, mama wa jamii ya Batwa, watu wa asili wa misitu, aliongoza shirika la UEFA (si lile la soka) linalotetea wanawake wa jamii za asili, akapeleka kilio chao kwenye mikutano ya kimataifa. Baadaye akaingia serikali ya jimbo la Kivu Kusini kama waziri.

Kilio chenyewe ni ardhi. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na maelfu ya Batwa wakafukuzwa bila fidia. Leo wengi wanaishi pembezoni mwa mashamba ya watu huko Kabare na Kalehe, wakifanya vibarua. Anayeingia msituni kutafuta kuni, asali au dawa anaweza kukamatwa na walinzi.

Sheria imesogea. Julai 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za Wapigme, wakiwemo Batwa. Julai 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa, serikali iwape hati za ardhi yao, iwalipe fidia na kuwaomba radhi hadharani.

Kiti cha waziri mmoja hakitoi hati hizo. Iliyoagizwa kuzitoa ni serikali ya kitaifa huko Kinshasa, na huko ndiko swali linapaswa kuelekezwa.