Tundu Moja Tu

Jamaa yangu mmoja alinunua seva kuukuu kwa bei ya chee. Baadaye akaitafutia prosesa yenye kasi zaidi, akailipia, akaileta nyumbani. Ikagoma kuingia!

Kwa nini? Prosesa ya aina hiyo hukaa kwenye soketi, yaani kiti chenye matundu ya kupokea pini zake. Mwaka 2001 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za seva ziitwazo Xeon, za soketi yenye matundu 603. Mwaka uliofuata ikaja soketi ya 604. Prosesa ya pini 603 huingia kwenye soketi ya 604, lakini ya pini 604 haiingii kwenye ile ya 603. Tundu moja tu! Lau angeilazimisha, pini zingepinda, pesa zingepotea.

Ndugu zangu, kabla hujatoa senti yako, fungua kifuniko, soma namba ya soketi, kisha uliza kama ubao wa seva yako unaitambua prosesa hiyo. Muuzaji akikwambia, "Zote ni Xeon," mjibu kwamba jina haliingii tunduni. Majuto ni mjukuu.