Mtoto wa Mbwa Aletwapo Bomani



Huko Rombo, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, mtoto wa mbwa haletwi nyumbani kwa kuchezewa tu. Huletwa ili akikua alinde mbuzi na ndama, maana fisi na chui hawako mbali. Usiku wa kwanza hulia akimtafuta mama yake, na watoto humtengea maziwa kidogo (nani asiyemhurumia?). Yafaa alale karibu na wana wa mbuzi, apate kuwazoea mapema.

Hatari huanza siku ya kuchinja. Kumtupia mbwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji huonekana kuwa ni ukarimu, kumbe humtia tegu mdogo sana, mfupi kama punje ya mchele. Mayai ya tegu huyo hutoka kwa kinyesi, hushika manyoyani, na mtoto amkumbatiaye mbwa huyala kwa mikono isiyonawiwa. Miaka mingi baadaye ini lake huvimba, na mara nyingi hapana budi apasuliwe. Basi viungo hivyo na vichomwe, au vifukiwe chini sana.

Kichaa cha mbwa nacho kipo. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukikomesha kwa wanadamu ifikapo 2030, kwa kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Mbwa achanjwe afikishapo miezi 3, kisha kila mwaka. Akiuma mtu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku ile ile.