Tujisemee Wenyewe: Tulichojifunza Katika Madarasa ya Kiingereza kwa Watu Wazima

(Hotuba ya ofisi ya miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wa maendeleo, Singida)



Tumeombwa kueleza kwa kifupi kuhusu madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima. Tungeweza kuanza na mafanikio, kama ilivyo desturi ya taarifa zetu. Leo tunaomba tuanze na kosa letu.

Siku moja wageni walitembelea kisima katika mtaa mmoja wa usharika. Mama mmoja mjane alisimama akasema kwa Kiswahili, kwa utaratibu na kwa muda mrefu. Alisema pampu imesimama tangu mavuno, kina mama wamerudi kuchota kwenye makorongo, na fedha za matengenezo walizochanga hawajui ziko wapi. Sisi wa ofisi ndio tuliokuwa wakalimani. Tukawaambia wageni, "Anashukuru sana kwa kisima." Wageni wakapiga makofi, yule mama akakaa.

Baada ya wiki chache alitujia ofisini. Hakuja kwa hasira. Alituuliza, "Wanangu, mbona maneno yangu yalikuwa marefu na ya kwenu yakawa mafupi?" Hatukuwa na jibu. Hayo ndiyo yaliyozaa darasa la kwanza, na yule mama ndiye aliyejiandikisha wa kwanza.

KISOMO SI KITU KIGENI KWETU

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kisomo. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wakasoma chini ya miti, kwenye maghala na makanisani. Kufikia mwaka 1986 ilikadiriwa kuwa wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Kwa hiyo mtu mzima kushika daftari jioni baada ya shamba si aibu wala si jambo jipya.

Kisomo kile kilikuwa cha Kiswahili, na kilifaa. Wengine wametuuliza: je, sasa mnarudisha lugha ya mkoloni? Hapana. Bunge letu linajadili kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwalimu mwenyewe alikijua Kiingereza vizuri kiasi cha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na bado hakukidharau Kiswahili. Lakini tusidanganyane. Mtoto akiingia sekondari ya serikali anafundishwa kwa Kiingereza, na mzazi hawezi kumsaidia. Maandishi kwenye makopo mengi ya dawa za mimea na mifugo ni ya Kiingereza. Maombi ya miradi na taarifa za fedha kwa wafadhili huandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua lugha hiyo husemewa, na anayesemewa, kama mlivyosikia, anaweza kupunguziwa maneno.

TULIVYOANZA VIBAYA

Tulianza Novemba. Ninyi wakulima mnajua maana yake: mvua zikaanza, watu wakaenda kulima, na viti vikabaki vitupu. Sasa tunafundisha kuanzia Juni, mtama na alizeti vikishavunwa, hadi Oktoba. Tunakutana saa kumi jioni, siku mbili kwa wiki.

Kosa la pili lilikuwa kuanza na kanuni za sarufi. Tuliandika majedwali ya njeo ubaoni, watu wakanakili, na walipotoka nje hawakuweza kuomba maji. Tukajifunza kuanza na kile ambacho mtu anacho.

MSAMIATI: Tulimwomba kila mmoja ataje maneno ya Kiswahili anayodhani yametoka Kiingereza. Kamati, ripoti, bajeti, fomu, risiti, benki, hospitali, baiskeli, redio, shati. Ubao ulijaa kabla ya kufungua kitabu. Mzee mmoja akasema, "Kumbe nilikuwa na mtaji." Kutoka hapo tuliongeza maneno ya kazi za watu: anayefuga kuku alijifunza maneno ya kuku, anayekamua alizeti alijifunza mafuta, mashudu, bei na uzito. Maneno machache kila siku, na kila neno ndani ya sentensi yake.

SARUFI: Tumegundua kuwa mtu mzima huelewa akilinganisha na lugha anayoijua. Kiswahili husema ninauza, unauza, anauza. Alama ya mtenda iko mwanzoni. Katika Kiingereza cha leo, kwa jambo la kila siku, kitenzi kimebakiwa na alama moja tu ya namna hiyo, nayo iko mkiani: "she sells". Mtu akiambiwa hivyo haisahau ile herufi ya mwisho. Vilevile Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", ndiyo maana wengi wetu humwita mama "he". Huo si upungufu wa akili. Ni mazoea ya lugha yetu, na mazoea hurekebishwa kwa mazoezi.

Yapo pia mambo ya adabu. Sisi husema "pole" kwa mtu aliyejikwaa, hata kama hatukumkwaza. Tukitafsiri kwa "sorry", mgeni hudhani tunaomba radhi na kushangaa tumekosa nini. Na "nipe maji" inayotafsiriwa neno kwa neno humfikia mgeni kama amri. Kwa hiyo darasani "please" huja kabla ya majedwali yote.

KUSIMAMA NA KUSEMA

Hili ndilo lililokuwa gumu, na ndilo lenye faida kubwa. Watu wetu wanajua kuhutubia. Msibani, harusini, kwenye posa na kwenye vikao, mtu husimama bila karatasi akapanga hoja zake. Hofu huja lugha inapobadilika: sauti hupotea na macho hutazama chini.

Tumeweka taratibu nne. Kwanza, mtu hupanga hotuba yake kwa Kiswahili, kwa sababu asiyejua anachotaka kusema hatasaidiwa na lugha yoyote. Pili, hotuba ya mwanzo ina sentensi tano tu: mimi ni nani, nimetoka wapi, tunafanya nini, tatizo letu ni nini, tunaomba nini. Tatu, mwalimu hamkatizi msemaji kumsahihisha. Huandika makosa pembeni na kuyaeleza mwishoni. Nne, anayemcheka mwenzake ndiye anayefuata kusimama. Kanuni hii ya nne ilimaliza vicheko kwa jioni moja.

Hatutaki kuwadanganya wafadhili wetu. Wanafunzi wetu hawazungumzi Kiingereza cha redioni. Baadhi waliacha, wengine bado huchanganya njeo, na wachache wetu tunaweza kutofautisha "ship" na "sheep" kwa masikio ya haraka, maana Kiswahili kina irabu tano tu. Lakini wapo wanaosoma maandishi ya kwenye kopo la dawa kabla ya kunyunyiza. Wapo wanaofungua daftari la mtoto wa kidato cha kwanza na kuuliza maswali. Na wapo katika kamati zenu ambao sasa hudai kusomewa taarifa kabla haijatumwa.

Wageni waliporudi kwenye kile kisima, yule mama alisimama tena. Safari hii hakutazama upande wetu. Alisema polepole kwa Kiingereza, na makosa yakiwemo, kwamba pampu inafanya kazi, kwamba fedha zilichelewa, na kwamba kina mama wanataka kuona daftari la mapato kila mwezi. Mgeni mmoja akamwuliza swali, naye akajibu. Hapakuwa na makofi siku ile, palikuwa na mazungumzo. Daftari la mapato sasa husomwa mbele ya watumiaji wote wa maji.

TUNAYOYAOMBA

Kwa kamati za sharika: msimchague katibu peke yake kila mara kwa kuwa tayari anajua kidogo. Chagueni kina mama, vijana walioishia darasa la saba, na wazee wanaotaka. Chumba, benchi na taa viwe mchango wa usharika. Daftari na kalamu mwanafunzi anunue mwenyewe, maana anayechangia huhudhuria.

Kwa wafadhili: tunashukuru kwa vitabu na chaki. Tunaomba mambo mawili yasiyo na gharama. Mnapozungumza na watu wetu, semeni taratibu na msiwamalizie sentensi; kimya kidogo si kushindwa. Na pokeeni pia taarifa zilizoandikwa kwa Kiswahili, mtafute wa kuzitafsiri. Sisi tumeanza kuvuka mto kuja kwenu. Nanyi mkiingiza mguu majini tutakutana katikati.

Kwetu sisi wa ofisi ya miradi, tumejiwekea agizo: anayetafsiri atafsiri yote, machungu na matamu. Siku tukikosea tena, sasa wapo watakaotusahihisha papo hapo. Kwa hilo tunamshukuru Mungu, ingawa linatutoa jasho.