KUPIGA CHAFYA WAKATI WA KUFYEKA NYASI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mukuru kwa Reuben



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari za pua. Msicheke. Sisi tuliokuwa katika genge la kufyeka nyasi kando ya reli baada ya mvua za masika tunalijua jambo hili. Unaanza kufyeka asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne pua inatiririka maji, macho yamekuwa mekundu na yanawasha, na chafya zinakuja sita au saba mfululizo. Wengine husema ni mafua, wengine husema ni vumbi tu. Na jirani huko nyumbani hunong'ona kwamba huyu ana kifua kikuu.

Waingereza waliuita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu, na jina hilo ni la uongo mara mbili, maana hauleti homa wala hautoki katika nyasi kavu. Hutoka katika chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya nyasi na miti unaopeperushwa na upepo. Chavua yenyewe si sumu. Lakini mwili wa watu wengine huidhania kuwa ni adui, nao hutoa kemikali iitwayo histamini ili kupigana naye, na hiyo ndiyo iwashayo macho na kufungua pua kama mfereji. Hali hiyo huitwa mzio, au kama tusemavyo mtaani, aleji.

Watu wa Nairobi hulaumu mijakaranda inapochanua mwezi wa Oktoba. Twaona inaonewa. Chavua ya jakaranda huchukuliwa na nyuki, haitegemei upepo. Ua la nyasi halina rangi ya kuvuta nyuki, kwa hiyo hutupa chavua nyingi mno hewani, na sisi ndio tunaolipiga kwa fyekeo.

Je, wenye ugonjwa huu ni wengi? Mwaka 1819 tabibu mmoja wa London, John Bostock, aliueleza mbele ya matabibu wenzake, na mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe. Alitafuta wengine kama yeye, na kufikia mwaka 1828 alikuwa amepata 28 tu. Baadaye Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alijinusisha chavua ya nyasi, hata akarusha tiara angani zenye vioo vya kunata apate kujua inafika juu kiasi gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Yeye aliona wagonjwa wengi ni wenye elimu na mali, wakulima wachache, na labda ndiyo sababu hata leo mtu husema huu ni ugonjwa wa wakubwa. Lakini sasa inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 400 duniani wana mzio wa pua. Uchunguzi wa mataifa mengi ulioanza mwaka 1991 uliwauliza pia watoto wa miaka 13 na 14 wa Nairobi na Eldoret, na dalili hizi zikapatikana katika miji yote miwili.

Tena huku kwetu Mukuru mambo hayaishi na msimu wa nyasi. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi kuna godoro la zamani, na ndani yake wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho. Kuna mende. Hao nao huleta mzio, mwaka mzima. Juu yake kuna moshi wa takataka na wa malori, ambao huikwaruza pua na kuzidisha ugonjwa.

Basi tujuaje? Mafua ya kawaida huja na maumivu ya mwili na huisha kwa siku saba au kumi. Mzio hukaa majuma mengi, huwasha, makamasi yake ni maji meupe, na mwakani hurudi wakati ule ule. Lakini mwenye kukohoa zaidi ya majuma mawili, au kukonda, au kutoka jasho usiku, asijidanganye kwa maneno yetu. Aende kupimwa kifua kikuu. Matibabu yake katika zahanati za serikali ni bure. Na mwenye kifua kinachopiga filimbi aende pia, maana pumu na mzio wa pua hutembea pamoja mara nyingi.

Sasa tufike penye hatari. Msimu uliopita mmoja wetu alinunua vidonge dukani, vile vya bei rahisi vya Piriton, akameza viwili akarudi kazini. Saa sita alikutwa amesinzia ameketi juu ya reli. Tulimvuta kwa mkono. Nyapara akamwandika kuwa amelewa, na barua hiyo ingali katika faili yake. Hakunywa hata tone! Vidonge hivyo huleta usingizi, na asiyejua asilaumiwe kama mlevi. Viko vingine, kama setirizini na loratadini, ambavyo usingizi wake ni mdogo, lakini navyo vijaribiwe kwanza siku ya mapumziko. Ipo pia dawa ya kupuliza puani, nayo husaidia sana ikitumiwa kila siku. Antibayotiki hazina kazi hapa. Ni kutupa fedha.

Ukitoka kazini nawa uso, ubadilishe nguo kabla ya kulala, hata kama maji ni ya kununua kwa mtungi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Tunataka kupeleka mambo matatu mbele ya kamati yetu: nyasi zifyekwe kabla hazijatoa maua, genge lipewe barakoa na miwani, na ile barua ya ulevi iondolewe katika faili. Wale wa kufyeka wabaki kidogo tuandike majina. Kalamu iko kwa katibu.