Karate Haina Pigo la Kwanza

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu zangu vijana, mada yetu ni karate. Najua kuna mzee anajiuliza, karate na Ramadhan wapi na wapi? Subira kidogo, inshallah tutafika.

Vijana wetu wengi wanaenda mazoezini, na ni jambo jema. Lakini ukimuuliza mmoja mtindo wake umetoka wapi, atakwambia tu, "Ni Shotokan." Sisi Waislamu tumezoea kuuliza elimu imepokewa kwa nani. Basi na hii tuiulize silsila yake.

Asili yake ni kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Sokon Matsumura, mlinzi wa wafalme wa Ryukyu, aliwafundisha Anko Itosu na Anko Azato. Itosu ndiye aliyeingiza karate katika shule za huko mwaka 1901. Hao wawili wakamsomesha Gichin Funakoshi, aliyezaliwa 1868. Utotoni Funakoshi alikuwa mgonjwa mgonjwa, ukubwani akawa mwalimu wa shule. Usiku alikwenda kwa Azato akirudia kata moja, yaani mfululizo mmoja wa kinga na mapigo, miezi na miezi, mpaka mwalimu aridhike. Mwaka 1922 akaenda Tokyo kuionyesha karate, akabaki kufundisha. "Shoto" ni jina alilotia katika mashairi yake, na "kan" ni jumba. Jumba lenyewe liliungua kwa mabomu ya vita mwaka 1945, lakini mafunzo yalibaki kwa sababu yalikuwa vifuani mwa watu.

Je, alifundisha nini? Karate maana yake mkono mtupu. Huna silaha, na kiburi pia usiwe nacho. Aliacha maagizo ishirini. La kwanza ni heshima. Hapa tuwe macho: heshima tunaikubali, lakini kurukuu ni kwa Allah SWT peke yake. Mwombe mwalimu wako kwa adabu umsalimie bila kuinama.

La pili ndilo lililonileta: karate haina pigo la kwanza. Tazama kata tano za Heian wanazoanzia wanafunzi. Zote zinafungua kwa kinga, si kwa ngumi.

Sasa rudi kwenye saumu. Mtume wetu SAW ametufundisha kuwa aliyefunga akitukanwa au akitakwa ugomvi, aseme amefunga. Hakuambiwa kwamba hawezi kupigana. Anaweza, ila amejizuia. Na ametwambia pia kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika.

Kijana, pima hapo. Ni saa kumi na moja jioni, kiu imekukamata, mtu anakusukuma kwenye foleni ya matatu na tusi juu. Mguu unawasha. Ukimpiga, jino halirudi, na roho ikitoka ndio kabisa hairudi. Huo mkanda utakusaidia nini mbele ya mama yake, na mbele ya Mola wako?

Basi fanyeni mazoezi, hata baada ya tarawehe. Lakini pigo la kwanza lipige nafsi yako mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.